Aliyoyasikia Mgeni Baada ya Kuaga

Haya nimeyapata kwa watu wawili. Mengi nilielezwa na Dorika, binti wa marehemu kaka yangu, mwaka uliofuata baada ya bomba kufika Nzugilo, tukiwa tunapura uwele uwanjani kwangu. Lile la mwisho nilielezwa na mama yake, wifi yangu Perusi, siku aliyokuja kuazima kinu. Nimeyaunganisha. Pale mashine zinapoingia nitasema kama Dorika alivyonieleza, kwa maana zaidi ya hapo sijui.

Dorika alikuwa akifanya kazi mji mkuu, kwenye Nyumba ya Sauti. Kazi yake ilikuwa kumfundisha Mgeni adabu.

Mgeni kila mtu anamjua, na wako wengi, ila wote jina ni hilo moja. Ana ukubwa wa kibuyu cha maziwa na miguu minne myembamba ya chuma, na anatembea nyumba kwa nyumba akiuliza. Zamani wabunge walikuwa wakisimama na kusema wananchi wangu wanataka hiki na kile, na hao wananchi hakuna aliyewauliza. Watu wakachoka, wakajaza barabara, ndipo ikatungwa Sheria ya Sauti. Tangu hapo jambo lolote kubwa, iwe hospitali, barabara au maji, lazima kwanza Mgeni apite. Majibu yakikusanywa yanaitwa Neno la Nchi. Neno likishasomwa bungeni, mbunge anayelipinga kiti chake kimekwenda.

Hapo mwanzo Mgeni alikuwa akiingia bila salamu na kuuliza kama askari. Watu walimfunika masufuria. Kwenye miji mingine walimtupa chooni. Dorika ndiye aliyemfundisha kupiga hodi na kungoja, kuuliza watoto, kuuliza mifugo, kuuliza mvua, ndipo aingie kwenye shughuli yake, na mwisho aage. Baada ya hapo nchi nzima ikaanza kumjibu. Dorika alipewa sifa, na wifi yangu Perusi akazitangaza sifa hizo kanisani, maana yeye ni mzee wa kanisa na anapenda kusimama mbele.

*

Mwaka ule swali lilikuwa la Bomba Kuu. Maji yalikuwa yatolewe ziwani, na yangetosha upande mmoja tu: ama yaje huku kwetu Nzugilo, ama yaende kwenye mashamba ya bondeni. Mgeni akatembea nchi nzima. Majibu yakaonekana kwenye ukuta wa Nyumba ya Sauti, ramani kubwa yenye rangi: wenye kiu wekundu, walioridhika kijani.

Nzugilo ilikuwa kijani kuliko hata wale wanaokaa ukingoni mwa ziwa.

"Kwenu watu wana shukrani, Dorika," mwenzake mmoja akamwambia. "Tazama. Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Dorika akasema ndiyo, watu wa kwetu ni wapole. Lakini damu ilimpanda usoni. Alikuwa anajua mama yake anateka wapi. Huku mto wetu ni mchanga mtupu, tunachimba shimo tunangoja maji yachuruzike, na mwaka ule mtu alichimba mpaka kichwa chake kikazama shimoni.

Sasa mtu atauliza, mashine haikuona kwamba wanadanganya? Dorika alinieleza hivi. Mgeni hachukui maneno peke yake. Anapima na koo linavyotetemeka, na pumzi inavyokatika, kwa hiyo mtu akisema uongo anajulikana. Lakini mtu wa Nzugilo akiwa na mgeni ndani ya nyumba hatetemeki. Tangu mtoto hajaota meno anafundishwa kwamba mgeni haambiwi shida. Ukimwambia shida umemwomba, na ukimwomba umemfukuza. Kwa hiyo tunasema yapo, na koo limetulia kabisa. Mashine ikaandika kweli.

Dorika akaenda kwa mbunge wetu, Mheshimiwa Sedekia.

"Mheshimiwa, ile kijani si kweli."

"Watu wangu wamesema maji wanayo," Sedekia akajibu. "Mimi nikisimama niseme hawana, nimewaita waongo mbele ya nchi."

"Ulikula kwetu wakati wa kampeni. Ukapewa maji ya kunawa."

"Nilipewa."

"Yalikuwaje?"

"Meupe." Akavua miwani. "Meupe sana."

"Siku ile nyumbani hawakupika jioni. Maji ya ugali ndiyo uliyonawa."

Sedekia alikaa anageuza geuza miwani yake. Yeye ni mtoto wa huku huku, mama yake amezikwa Nzugilo.

"Unadhani sijui, Dorika? Lakini Bunge halisikii ninachojua mimi, linasikia walichosema wao. Ndivyo tulivyotaka wenyewe. Niletee neno lililotoka vinywani mwao, nitasimama. Maelezo yako usiniletee."

*

Dorika akapanda gari akaja nyumbani. Sheria inaruhusu nyumba kuulizwa mara ya pili ikiomba kabla Neno halijasomwa, na Dorika alimbembeleza mama yake aombe. Walikubaliana vizuri tu, jikoni, wawili. Atasema kweli. Tena alifanya mazoezi: "Maji hatuna. Tunakufa." Alilisema lile neno akipuliza moto.

Asubuhi Mgeni akafika. Perusi alikuwa ameshatandika kitambaa juu ya kiti, na mbele ya kiti kikombe cha maji.

"Hodi hapa."

"Karibu, karibu mgeni. Pita ukae."

"Starehe, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri tu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

"Na mifugo?"

"Ipo, inachunga."

Dorika alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumbani, na pembeni yake Tabea, mjukuu wa Perusi aliyeachwa hapo na kaka yake Dorika. Mtoto alikuwa anakitazama kile kikombe.

"Nimetumwa kuuliza habari za maji," Mgeni akasema. "Maji mnayo?"

Perusi akafungua kinywa. Akageuka akamtazama binti yake, akarudi kumtazama Mgeni.

"Maji," akasema. "Maji yapo, baba. Tunapata. Wewe umekunywa?"

"Asante mama, mimi sinywi."

"Onja tu, usiniaibishe."

Mgeni akashukuru, akaaga, akatoka. Dorika akaja akakaa chini kwenye sakafu.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Nilikuwa nalo neno, liko hapa shingoni."

"Sasa?"

"Akaniuliza watoto. Mtu amekuuliza watoto hawajambo, utamwambiaje una kiu?"

"Siyo mtu."

"Basi aache kupiga hodi. Aje kama wale wa kodi wa zamani, na viatu vyake mpaka kitandani, nitamwambia yote na matusi juu. Nani aliyemfundisha adabu yule?"

 Dorika aliniambia, shangazi, pale nilitamani sakafu inifunike.

*

Sasa kipo kitu kinaitwa mabaki. Mgeni akishaaga haondoki mara moja. Anasimama nje ya mlango kidogo, anapanga majibu tumboni, na wakati anapanga sikio lake bado liko wazi. Yale anayoyasikia hapo ndiyo mabaki. Sheria inasema yafutwe, asiyasikilize mtu, maana mgeni aliyekwisha kuaga hana haki ya maneno ya ndani. Lakini yanakaa siku chache kabla ya kufutwa, na ufunguo wake anao yule anayemfundisha Mgeni kuaga. Dorika alikuwa nao shingoni, kama kidani.

Akatoka nje. Mgeni alikuwa bado yupo kwenye kivuli cha ukuta. Akamfungua, akaweka kipande cha kusikilizia sikioni. Hakusikiliza ya leo, ya leo yalikuwa yake mwenyewe. Alisikiliza yale ya safari ya kwanza, alipokuwa hayupo.

Akasikia sauti ya mama yake.

"Haya, ameondoka. Tabea, njoo unywe sasa. Polepole, usimwage."

"Bibi, yananuka mbuzi."

"Kunywa. Nimeyateka horini kwa Eliya kabla hawajaamka. Nimeyachuja kwa kanga."

"Nataka yale ya kwenye kikombe."

"Yale ni ya mgeni, huenda akarudi. Kunywa, na usimwambie mtu. Ukisema, bibi atakufa kwa aibu."

Halafu ikasikika sauti ya mtoto akinywa.

Eliya ni jirani yetu, na hori lile ndilo analonyweshea mbuzi wake. Na Perusi ndiye aliyesimama kanisani mwaka huo huo kumkemea kijana aliyeiba maji ya mtu. Dorika alikitoa kile kipande sikioni akabaki amekishika.

Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, anasugua sufuria kwa mchanga.

"Nimesikia habari ya hori," akasema.

Mkono wa Perusi ukasimama ndani ya sufuria. Hakuuliza umesikia kwa nani.

"Mama, Mheshimiwa anataka neno lililotoka kinywani mwenu. Ni hilo tu lililopo. Nikilipeleka, bomba linakuja huku. Nisipolipeleka linaenda bondeni, na haligeuzwi tena."

"Chukua la mwingine."

"La nani?"

Perusi akafikiri. Midomo ilikuwa inacheza, kama anataja majina. Hakutaja hata moja kwa sauti.

"Hapana, Dorika. Usinivue nguo. Afadhali nife na kiu, nizikwe na nguo zangu."

"Na Tabea?"

Perusi akaanza kusugua tena sufuria, kwa nguvu, mpaka gari lilipokuja kumchukua binti yake.

*

Bungeni Sedekia alisimama kama alivyoahidi. Alisema, Mheshimiwa Spika, kabla Neno halijasomwa, yuko shahidi. Wabunge wengine wakapinga, wakisema mabaki ni haramu. Spika alikuwa mama mmoja mtu mzima, mtaratibu. Akasema ni haramu kweli, isipokuwa mwenye nyumba au mtu wa damu yake akiyatoa mwenyewe.

Dorika akayatoa.

Ukumbi mzima ulisikia, na nchi nzima ilisikia redioni. Yananuka mbuzi. Kunywa. Bibi atakufa kwa aibu. Mbunge mmoja kijana wa mjini alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini hori ndiyo nini, akaambiwa pale wanaponywea mbuzi, naye akainamisha kichwa.

"Sheria inataka jina la mwenye sauti," Spika akasema.

Dorika hakuwa amefikiri juu ya hilo. Alidhani sauti itatosha.

"Lazima, Mheshimiwa?"

"Bila jina si ushahidi, mwanangu."

"Ni Perusi Chilewa, wa Nzugilo."

"Ni nani kwako?"

"Ni mama yangu."

Aliniambia kwamba alipotaja jina alisikia mwili mzima unamuwasha, kama aliyevuliwa ni yeye. Nikamwambia hapana, hukuvuliwa wewe. Akasema najua, shangazi.

Jioni hiyo hiyo Mgeni alitumwa tena nchi nzima na swali jipya: bomba liende wapi? Na nchi ikasema liende Nzugilo. Hata wale wa bondeni wengi walisema liende. Watu walikuwa wamelia. Wabunge wakapitisha wakiwa wamesimama, wengine na vitambaa machoni, na Neno la kwanza likawekwa kando bila kusomwa.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia.

Mbunge mmoja alisimama wiki iliyofuata. Hakuwa mtu mbaya. Akasema: tumeona wenyewe kwamba ukweli ulipatikana baada ya kwaheri. Sasa kwa nini Mgeni aage? Kwa nini asikae ndani, asikilize siku zote, ili asiwepo tena bibi wa kunywesha mjukuu maji ya mbuzi? Nchi ikaulizwa. Na machozi yalikuwa bado hayajakauka, kila mtu alikuwa na yule bibi wa Nzugilo moyoni, nchi ikajibu ndiyo.

Dorika alikimbilia kwa mkuu wake. Alimwambia, mzee, hili si nililolikusudia.

"Sasa nitawaambia nini?" mkuu akamuuliza. "Wewe ndiye uliyetuonyesha."

Akakimbilia kwa Sedekia. Sedekia akamwambia Neno limesomwa, kiti changu kimoja hakitalizuia. Akamwambia pia, bila kumtazama, kwamba kwake nyumbani ameshaletewa Mgeni wa kukaa, amewekwa juu ya kabati, na mkewe siku hizi akiwa na neno anamwandikia mumewe kwa kidole kiganjani.

*

Bomba likafika. Sitasema uongo, tulicheza ngoma. Tabea alioga mpaka akashikwa na mafua.

Lakini pamoja na bomba ilikuja huruma. Watu wa mijini walileta maji ya chupa, katoni kwa katoni, na katoni zimeandikwa Kwa Bibi wa Horini. Watoto wa shule moja walichora picha ya kikongwe amepiga magoti kati ya mbuzi, wakaileta kwa furaha, na Perusi akaipokea kwa mikono miwili akawashukuru. Aliacha uzee wa kanisa. Hakuambiwa aache, ila Jumapili moja alikaa benchi la nyuma na hakurudi mbele.

 Eliya alilisafisha hori lake, akalijaza, akaweka kata mpya ya kuchotea pembeni, na kila asubuhi akaliacha hivyo. Alifanya kwa wema. Perusi siku hizi akienda dukani anazungukia makaburini, njia ndefu, ili asilipite.

Na ndani ya nyumba zetu pakawa kimya. Mgeni yupo juu ya rafu, anapiga hodi moja tu siku ya kufika, kwaheri hana. Utasikia nyumba nzima watu wanaambiana nzuri, salama, yapo, tunashukuru. Ya kweli tunayapeleka shambani.

Dorika alikuja wakati wa mavuno. Mama yake alimpokea vizuri, akamuuliza habari za safari, akajibiwa nzuri, akamuuliza habari za kazi, akajibiwa nzuri. Wakala. Tabea alipokwenda kucheza, Perusi akachukua mkeka.

"Twende tukafukuze ndege," akasema.

Kwenye shamba lake la uwele kuna dungu, jukwaa la miti la kukalia mlinzi wa ndege. Wakapanda. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Perusi akarusha bonge la udongo, ndege wakaruka wakatua mbali kidogo.

"Hapa hasikii," akasema. "Sema sasa."

"Nilikosea, mama?"

"Maji nayanywa. Tabea ananenepa, umemwona." Akarusha bonge lingine. "Kila nikifungua koki namshukuru Mungu, halafu nakumbuka bomba limeletwa na nini, naona aibu mpaka kwenye vidole. Lakini nakunywa."

Dorika akamsogezea mama yake mabonge ya udongo.

"Kwa nini ulichukua yangu? Kila nyumba Nzugilo ilikuwa na lake. Una ufunguo wa nyumba zote."

"Ningemvua mama wa mtu."

"Ukamvua wako."

"Ndiyo."

"Hapo sikulaumu," Perusi akasema. "Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Nakulaumu hapa. Nilikuambia hapana, ukapanda gari. Ungerudi uniulize tena."

"Ungekubali?"

"Ningekataa."

"Sasa, mama…"

"Ningekataa, nawe ungekwenda kuyatoa vile vile. Lakini ningejua. Ningekaa ndani kwangu, nimejifunga kanga, mlango nimefunga, nangoja. Mimi nilisikia kwenye mashine ya unga, Dorika. Niko kwenye foleni ya kusaga, debe liko kichwani, redio ya mwenye mashine inasema, na sauti ni yangu. Nilidhani nimesema mimi pale pale. Nikajishika mdomo. Watu wakaniona nimejishika mdomo, ndipo wakajua ni nani, kabla hujanitaja jina."

Dorika alilia, kwa kunyamaza, kama watu wanavyolia siku hizi. Perusi akamwacha alie. Alifukuza ndege upande wa mashariki, akafukuza upande wa magharibi.

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe leo. Leo umechoka na gari, na mimi bado nina hasira. Utaniomba siku nyingine. Njoo uniombe hapa hapa, usiniombe kule ndani, maana kule nitakujibu vizuri tu na hutajua kama ni kweli."

"Nitakuja."

"Njoo. Sasa jinyooshe, mimi nipo macho."

Dorika akajinyoosha kwenye mkeka, amekunja magoti kwa kuwa dungu ni fupi. Hakuchukua muda. Wifi aliniambia alimtazama akilala, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, mdomo wazi, na akataka kumwamsha amwambie basi, yameisha. Lakini yalikuwa hayajaisha, na hapo shambani ndipo mahali pekee palipobaki pa kutosema uongo, kwa hiyo hakumwamsha. Alimfunika kwa kanga yake. Alifukuza ndege mpaka jua likazama na ndege wenyewe wakaacha kula wakaenda zao. Hapo akasogeza miguu ya binti yake, akapata nafasi, akalala.